Sauti ya Video na Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kutengeneza video kwa kawaida huuliza kwanza anunue maiki gani. Majibu ya hapa yanaanzia kwingine: maiki ilikaa wapi, chumba kilikuwaje, na ni nani aliyekuwa amevaa hedifoni wakati kamera inarekodi. Maswali ya kurekodi yametangulia, kisha kuhariri na kuchanganya, na mwishoni kupima na kukabidhi kazi.

Kwa nini sauti yangu inasikika kama mtu yuko ndani ya kisima?

Maiki iko mbali naye, basi. Lenzi inaweza kumvuta mtu aliye upande wa pili wa chumba akajaa kwenye picha. Maiki haina uwezo huo. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Mwangwi wa chumba haupungui hivyo. Huo umeshagonga kuta zote na umejaa kila pembe karibu kwa kiwango kimoja. Ukitoka mita 2 ukasogea hadi nusu mita, umempa msemaji desibeli 12 dhidi ya chumba, na hujatumia chochote isipokuwa miguu yako.

Ile maiki ndefu inayoelekezwa kama bomba nayo husingiziwa mengi. Haivuti sauti ya mbali. Inachofanya ni kupunguza zinazotoka ubavuni. Tena ndani ya chumba chenye dari fupi inaweza kukuangusha, kwa sababu haipunguzi masafa yote sawasawa (yaani sauti nzito za chini na nyembamba za juu), na mwangwi unaoingia kwa pembeni unakuja umepinda. Humo ndani maiki fupi yenye mwelekeo mwembamba mara nyingi huleta sauti safi zaidi.

Nitumie maiki ya bumu au ya kubana kifuani?

Ukiweza, zote mbili, kila moja kwenye traki yake.

Bumu, ile fimbo ndefu inayoshikwa juu ya mwigizaji, hutoa sauti iliyo karibu zaidi na ile tunayoisikia kwa masikio. Huwekwa juu kidogo ya ukingo wa picha na kuelekezwa chini, usawa wa kidevu na kifua. Ikikaa juu, kelele nyingi za pembeni huwa nje ya mwelekeo wake, tena ni rahisi kumfuata akitembea. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana: anayeshika bumu lazima aijue mistari ya mazungumzo, la sivyo maiki itafika kwa msemaji wa pili akiwa ameshamaliza neno la kwanza.

Maiki ya kifuani ina faida ya kutosogea mbali na mdomo. Hasara zake ni msuguano wa nguo, sauti nzito ya kifua, masafa ya juu yaliyofifia chini ya kitambaa, na mawimbi ya redio yanayoingiliwa pale unapoyahitaji zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba haileti hisia ya umbali. Mtu akienda hadi dirishani huku akiongea, picha inamwonyesha mbali lakini sauti inabaki sikioni mwa mtazamaji.

Wakati wa kuchanganya, chagua moja kwa kila sehemu. Ukizifungua zote kwa nguvu sawa, sauti ileile inafika mara mbili ikipishana kwa milisekunde chache, masafa mengine yanafutana, na mtu anaanza kusikika kama anaongea ndani ya bomba la plastiki.

Nguo inakwaruza maiki. Nifanyeje?

Zuia vitu viwili visisuguane: bandika kitambaa cha juu na cha chini kwenye maiki yenyewe kwa tepu inayonata pande zote, kisha kunja waya kitanzi kidogo chini yake ili mvuto wa waya usifike kwenye maiki. Pamba husumbua kidogo kuliko nailoni. Kwa hiyo zungumza na anayehusika na mavazi kabla ya siku ya kurekodi.

Chumba kina mwangwi na sina pesa za kukipamba. Kuna la kufanya?

Mablanketi mazito. Yatundike nje ya picha, hasa nyuma ya maiki na upande anaoutazama msemaji, kwa kuwa ndiko sauti yake inakokwenda kwanza. Tandika jingine sakafuni kama miguu haionekani. Tena mtoe mtu katikati kabisa ya chumba na umbandue ukutani. Sponji nyembamba za kubandika hunyonya masafa ya juu tu. Ule mzito wa chini unabaki palepale.

Kisha zima kila kinachonguruma: feni, kiyoyozi, kompyuta, jokofu. Wa kazi hii wana desturi ya kuweka funguo za gari ndani ya jokofu walilolizima. Hutaondoka bila kuliwasha.

Na upepo?

Sponji inayokuja na maiki ni ya pumzi za mdomo. Nje unahitaji kifuniko chenye manyoya, na pakivuma kweli, kizimba cha kuifunika maiki yote kisha manyoya juu yake. Upepo uliokwisha kuipiga maiki haufutiki vizuri. Unaweza kukata besi, lakini maneno yaliyomezwa hayarudi.

Nirekodi kwa mpangilio na kiwango gani?

kHz 48 (sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde) na biti 24 (undani wa kila kipimo). Namba ya kwanza ndiyo kawaida ya video na filamu, wakati kHz 44.1 ilitokana na CD za muziki. Biti 24 zinakupa nafasi ya takriban desibeli 144 kinadharia, dhidi ya 96 za biti 16, hivyo hakuna sababu ya kusukuma sauti hadi juu kabisa. Acha vilele vya mazungumzo vifike karibu -12 kwenye mita ya kidijitali, na wastani uzunguke -20. Akipiga kelele ghafla, nafasi ipo. Sauti ikivuka sifuri, kikomo cha juu cha mita hiyo, ncha za mawimbi zinakatwa bapa na unasikia mpasuko.

Rekoda za biti 32 za nukta-elea zimepunguza hofu hiyo, maana kilichovuka sifuri kinaweza kushushwa baadaye bila kuharibika. Lakini zinaokoa tu kilichofika salama kwenye rekoda. Kama ni maiki yenyewe iliyozidiwa, au transmita ya maiki isiyo na waya, umehifadhi mpasuko kwa ubora wa juu sana.

Ukiwa na msaidizi mmoja tu, mvishe hedifoni. Mita inaonyesha kiwango. Haiwezi kukuambia kwamba kilichofika kwenye kiwango hicho ni mngurumo wa nyaya.

Klapa bado ina kazi gani siku hizi?

Kazi ileile. Fremu ambayo vipande vya ubao vinakutana inalingana na mwiba wa "ta!" kwenye sauti, na hapo unavifunga pamoja. Taimukodi, yaani namba za saa zinazoandikwa kwenye kamera na rekoda kwa pamoja, hurahisisha zaidi, lakini betri huisha, na mkono wa mtu kupiga makofi mbele ya lenzi haujawahi kukosa chaji. Tamka pia jina la onyesho na namba ya teki (mara ya ngapi mnairekodi) kwa sauti, ili mhariri asilazimike kukisia.

Mwanzoni midomo inalingana na sauti, baada ya dakika kumi inaachana. Kwa nini?

Kuna visababishi vitatu vya kawaida. Cha kwanza, saa za kamera na rekoda hazifanani kabisa, na tofauti ndogo hujilimbikiza kwenye rekodi ndefu. Cha pili, mradi mmoja uko kwenye fremu 24 kwa sekunde na mwingine kwenye 23.976. Tofauti ni asilimia 0.1 tu, lakini kwa saa moja inafika sekunde 3.6. Cha tatu ni simu, ambazo nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe wakati wa kurekodi. Igeuze video hiyo kuwa ya fremu zisizobadilika kabla hujaanza kuhariri.

Kumbuka pia kwamba sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 14 kutoka kwa msemaji imeshachelewa fremu moja nzima ya video ya fremu 25. Sauti inayochelewa kidogo haitushtui, maana tangu utotoni tunaona radi kwanza, ngurumo baadaye. Inayotangulia mdomo ndiyo inayochukiza. Vipimo vya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, vinasema watu huanza kuigundua ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa ni mpaka karibu 125. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa kuchelewa.

Kwa nini mtu wa sauti anatunyamazisha wote dakika nzima baada ya onyesho?

Anarekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina wake, na mhariri akikata pumzi, kikohozi au kelele ya kiti, pengo linalobaki lazima lijazwe na ukimya wa chumba hichohicho. Akiweka utupu wa kidijitali, sikio linashtuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Sekunde 30 zinatosha, dakika moja ni bora, watu wote wakiwa bado chumbani na taa zikiwa zimewaka. Mkitoka mkarudi, si ukimya uleule tena. Niliwahi kuona aibu kuliomba hilo kwa kundi lililochoka, nikatumia siku mbili kushona vipande vya nusu sekunde nilivyookota katikati ya maneno. Sijaona aibu tena.

Nimekaa mbele ya mradi wa kuchanganya. Nianzie wapi?

Anza na mazungumzo, na uzime kila kitu kingine.

Yanyooshe kwa mkono kwanza: punguza neno lililoruka, pandisha silabi ya mwisho iliyozama. Kazi hii inachosha, nayo ndiyo inayotofautisha miksi iliyotulia na iliyobanwa. Kisha kata kilicho chini ya Hz 80 hivi, ambako kwenye sauti ya mtu huwa kuna kishindo na mtikisiko tu. Kama sauti ni nzito na imeziba, tafuta kati ya Hz 200 na 400 upunguze kidogo. Uwazi wa maneno unakaa karibu na kHz 2 hadi 4. "S" zinazochoma ziko juu zaidi, mara nyingi kHz 5 hadi 8. Mvumo wa umeme ni Hz 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali mliporekodi, pamoja na marudufu yake, kwa hiyo kukata namba moja pekee hakutoshi.

Kompresa, kifaa kinachobana sauti zinazoruka juu, ije baada ya mkono, tena kwa upole. Uwiano wa 3 kwa 1 unaogusa desibeli chache unatosha kwa mazungumzo mengi.

Programu za kuondoa kelele zimekuwa nzuri kiasi cha kuwa hatari. Ukiondoa kelele yote, sauti inabaki na ukavu wa ajabu, na kila kata inasikika. Mimi huacha kelele kiasi, kisha naweka chini yake mazingira yanayofanana nayo. Mtazamaji haulizi kelele imetoka wapi. Anauliza tu pale inapokatika.

Muziki unafunika maneno. Nikiushusha, unakuwa hauna maana.

Tatizo huenda si ukubwa wake. Zeze, gitaa au mwimbaji anayecheza kwenye masafa yaleyale ya usemi atagombana na msemaji hata kwa sauti ya chini. Punguza muziki desibeli 2 au 3 kati ya kHz 1 na 4 pale tu mtu anapoongea, au mwombe mtunzi akupe vipande vilivyotenganishwa ili uzime ala moja. Sogeza pia mahali muziki unapoanza. Muziki unaoingia katikati ya sentensi unaiba masikio, lakini ukiingia kwenye pumzi kati ya sentensi mbili unapokelewa bila kugundulika.

Halafu uzime kabisa uangalie onyesho. Mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, lilikuwa halihitaji.

Ubunifu wa sauti una tofauti gani na kuweka milio?

Anayeweka milio anaona mlango unafungwa, anatafuta mlio wa mlango. Mbunifu anauliza ni nani aliyeufunga, na nani anayebaki ndani akiusikia. Mlango mmoja unaweza kuwa kitasa kidogo kinacholia kwa adabu, au kishindo kinachobaki chumbani baada ya mtu kuondoka. Vyote viwili ni kweli kwa picha ileile.

Njia za kazi si nyingi. Kuna kupanga tabaka: mlio mmoja mkubwa huundwa na mguso mkali wa mwanzo, mwili wa katikati na mkia wa chini, kila kimoja kutoka chanzo tofauti. Kuna kubadilisha kasi, kwa kuwa sauti iliyopunguzwa kasi hushuka na kuonekana ya kitu kikubwa zaidi. Mungurumo wa King Kong wa mwaka 1933 ulitokana na simba na chui milia waliopunguzwa kasi na kuchezwa kinyumenyume. Ben Burtt alipohitaji mlio wa bunduki za Star Wars ya 1977, aligonga waya wa chuma unaoshikilia mnara. Ukisikia kitu usichokijua chanzo chake kwenye filamu, karibu kila mara kuna kitu cha kawaida ndani yake kilichotolewa kwenye picha yake.

Kuna pia sauti za nje ya fremu, ambazo ni mali ya bure kwa mwenye bajeti ndogo. Huna umati? Usiuonyeshe. Mweke mtu mmoja dirishani na umati masikioni.

Na kuna kuondoa. Onyesho la hofu halihitaji mngurumo mzito chini yake kila dakika. Jaribu kupunguza wadudu, kisha upepo, kisha saa ya ukutani, kimoja baada ya kingine kwa sekunde ishirini. Watu watakaza mabega bila kujua kwa nini.

Foley ni nini, na je, ninaihitaji?

Ni kuigiza sauti za miili na vitu huku ukiitazama picha: hatua za miguu, msuguano wa nguo, na vitu vinavyoshikwa. Jina limetoka kwa Jack Foley, aliyefanya kazi Universal pale filamu zilipoanza kusema. Unaihitaji kwa sababu maiki ya kwenye onyesho imeelekezwa mdomoni, na hatua zilizorekodiwa humo ziko mbali au zimekatwa pamoja na maneno.

Usitafute kitu chenyewe. Tafuta kinachosikika kama hicho. Vifuu vya nazi ndizo kwato za farasi, glavu za ngozi zikipigwapigwa ni mbawa za ndege, wanga wa mahindi ukifinywa ndani ya kifuko ni theluji inayokanyagwa, na bua la seleri likivunjwa karibu na maiki ni mfupa. Kwa hatua, viatu na sakafu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni uzito wa anayetembea: mtu aliyechoka hakanyagi kama mtu mwenye haraka, hata akivaa kiatu kilekile.

Mazungumzo yameharibika kabisa. Tuyarudie studio?

Kama hayasikiki, ndiyo. Tumia aina ileile ya maiki na umbali uleule, mwache mwigizaji asimame au akimbie papohapo kama alivyokuwa anafanya, na mrekodi kifungu kimoja kimoja. Kabla ya hapo chungulia teki ambazo hazikuchaguliwa. Silabi nzima huweza kuazimwa kutoka humo, na pumzi yake itakuwa ya kweli.

LUFS ni nini, na nilenge namba gani?

Ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyouhisi kwa muda, kinyume na kilele cha papo kwa papo. Kinatokana na kanuni ya ITU iitwayo BS.1770. Televisheni za Ulaya zinafuata EBU R128, kanuni ya umoja wa watangazaji wa Ulaya, yaani -23 LUFS, na za Marekani -24. Netflix hupima mazungumzo na kutaka -27. YouTube hushusha kilichozidi takriban -14 lakini haipandishi kilicho chini, kwa hiyo video ya kimya itabaki kimya. Mteja akikupa karatasi ya masharti, hiyo ndiyo sheria. Asipokupa, iombe kabla hujaanza.

Usichanganye ukiitazama namba. Weka spika kwenye nguvu moja usiyoibadilisha, changanya kwa masikio, upime mwisho. Kumbi za sinema hulinganishwa kwa desibeli 85 kwa kila spika ya mbele, na ukisikiliza kwa nguvu hiyo kwenye chumba kidogo utachoka mapema. Ila ukisikiliza kwa nguvu ndogo mno, sikio linapoteza besi na utaziongeza kupita kiasi.

Hedifoni zinatosha?

Zinatosha kusafisha. Kuchanganya kunahitaji spika, angalau za kuhakikishia, kwa kuwa hedifoni zinatia kila upande kwenye sikio lake na kuficha matatizo ya nafasi. Mwisho sikiliza kwenye spika ya simu kwa mono, yaani pande zote zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Kikitoweka kitu hapo, huenda pande mbili zinafutana.

Lazima nichanganye kwa 5.1?

5.1 ni mpangilio wa spika tano kuzunguka msikilizaji na moja ya besi. Kwa video ya mtandaoni, hapana. Ukifanya, mazungumzo yakae spika ya katikati, na ile traki ya besi usiifanye makazi ya kila kitu kizito. Mifumo mingi ya nyumbani huitupa inapopunguza kuwa stereo.

Nimkabidhi mteja nini?

Miksi nzima, kisha mazungumzo, muziki na milio kila kimoja kivyake, vyote vikianza fremu ileile na kuwa na urefu uleule. Ongeza toleo la muziki na milio bila maneno, lililojazwa hatua na nguo zilizopotea pamoja na mazungumzo, ili filamu iweze kutafsiriwa lugha nyingine. Weka mlio mfupi sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza. Majina ya mafaili yawe na jina la kazi, tarehe, aina ya miksi na fremu kwa sekunde. Usiandike "mwisho" kwenye jina la faili lolote.